Machungwa ya Mombasa: Chakula cha Pwani katika Safari za Matanga

Siku hizi wageni wengi hufika Lamu na Unguja ili kupumzika kwa kusafiri kwa matanga. Wakiwa Lamu, hupanda jahazi asubuhi wakaelekea Manda au Kiwayu, na adhuhuri ikiwakuta ufukoni huchomewa samaki aliyevuliwa siku ile ile, wakanywa maji ya dafu, wakamalizia kwa embe au chungwa. Warudipo kwao husifu chakula hicho kuliko yote waliyoyaona. Kwao hiyo ni anasa, nasi hatuwalaumu. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za bara, ambao maneno kama tanga, nahodha na kusi tunayapeleka darasani mbali na maji ya chumvi, yafaa tujiulize: chakula hiki kilikuwa na maana gani zamani, wakati safari ya tanga haikuwa matembezi? Historia inatujibu kwamba kilikuwa jambo la kufa na kupona.

Tuanze na pepo, kwa maana ndizo zilizopanga mambo yote. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na pepo hiyo ndiyo iliyovileta vyombo vya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi katika mwambao wetu. Kuanzia Aprili huingia kusi, nayo ndiyo iliyovirudisha kwao. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa bandarini wakiuza, wakinunua, wakitengeneza vyombo na kungojea majira. Watu hao walihitaji kula. Kwa hiyo miji ya pwani haikuwa masoko ya pembe na dhahabu tu. Ilikuwa pia miji ya mashamba na bustani, yenye kumlisha msafiri.

Shahidi wetu wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331. Huko Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake achari ya malimau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa aliona kwamba nafaka hazikulimwa kisiwani, bali ziliagizwa kutoka mwambaoni, na kwamba wenyeji walikula zaidi ndizi na samaki. Lakini aliyataja pia malimau yao. Msomaji ayashike malimau hayo, maana tutayarudia.

Miaka 167 baadaye walikuja wageni wa namna nyingine. Merikebu za Vasco da Gama, zilizotoka Ureno mwaka 1497, zilizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na mwanzoni mwa mwaka 1498 zikatia nanga katika mto wa Quelimane, katika Msumbiji ya leo. Mwandishi wa shajara ya safari ile asimulia kwamba hapo watu wengi waliugua: mikono na miguu ilivimba, na fizi zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Lugha yetu inalo jina la ugonjwa huo. Ni kiseyeye.

Tarehe 7 Aprili 1498 Wareno hao walifika Mombasa. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, na pamoja naye machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mwandishi yule asema kwamba hapo wagonjwa wao wote walipona, na sababu anayoitoa ni kwamba hewa ya mahali hapo ni njema sana. Sisi tusomao leo tunaona machungwa yametajwa katika shajara ile ile, lakini hakuna aliyeyahesabu kuwa dawa.

Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye aliyepona. Mwenyeji hakupona, kwa maana mwaka 1505, miaka saba tu baada ya zawadi ile, zana za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliiteka Mombasa, zikaipora na kuichoma moto. Si haki kuyasimulia machungwa ya Mombasa bila kukumbuka moto huo.

Safari yenyewe ya Vasco da Gama inatupa kipimo cha jambo tunalolieleza. Kutoka Malindi aliondoka tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikiingia, akiongozwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo. Tarehe 20 Mei alitia nanga karibu na Calicut. Hazikufika hata siku 30. Lakini wakati wa kurudi hakungojea majira. Aliiacha pwani ya Bara Hindi mapema Oktoba, kabla kaskazi haijatulia, na mara bahari ikawa shwari, mara upepo ukambisha. Walivuka kwa miezi mitatu kasoro siku tatu. Kiseyeye kikarudi. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na waliobaki na nguvu za kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu katika kila merikebu.

Walipofika Malindi Januari 1499, jambo la kwanza lililotakiwa kwa ajili ya wagonjwa lilikuwa machungwa. Yaliletwa siku ya pili pamoja na matunda mengine, na watu wa mji wakaja na kuku na mayai. Hata hivyo wengi walikufa hapo hapo bandarini. Walikuwa wamekwisha mno, na merikebu hazikukaa zaidi ya siku tano. Siku chache baadaye, karibu na Mtangata, kusini ya Tanga, iliwabidi waichome moto merikebu yao wenyewe iitwayo São Rafael, kwa sababu mabaharia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wanakijiji wa hapo nao waliwaletea kuku wengi wa kuuza, wakabadilishana kwa mashati na bangili.

Ulaya ilikawia sana kulielewa jambo hili. Mwaka 1747 tabibu wa Kiskoti, James Lind, akiwa katika manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila wawili wakapewa dawa yao. Wale waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipata nafuu upesi kuliko wote. Alichapisha habari hizo mwaka 1753, lakini manowari za Uingereza ziliamriwa kutoa maji ya limau mwaka 1795 tu. Katika miaka ya 1930 ndipo wataalamu walipokitambua kitu chenyewe kilichomo tundani, yaani vitamini C. Mwili ukikikosa kwa miezi miwili au mitatu, kiseyeye huanza.

Basi tuweke hesabu mbili kando kwa kando. Mwili huvumilia kwa miezi miwili au zaidi, na chombo kilichofuata majira kilivuka kwa wiki chache. Nahodha wa bahari yetu aliyengojea pepo yake, akapita bandari kwa bandari, hakukaa baharini muda wa kutosha kupatwa na maradhi hayo. Hatusemi kwamba alijua habari za vitamini. Alijua majira, na majira yalimfikisha penye bustani kabla mwili haujachoka.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba maisha ya chomboni yalikuwa karamu. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, ambako mabaharia walikata boriti za mikoko. Chakula chao kilikuwa wali, samaki, tende na mkate uliopikwa juu ya sitaha. Mlo wa namna hiyo huchosha ukirudiwa kila siku. Ndiyo maana bandari ilikuwa furaha: hapo ndipo kitoweo kilipobadilika, maji yakawa mapya na matunda yakapatikana. Ladha wanayoisifu wageni wa leo mabaharia waliijua vema, ila wao waliifikia baada ya kuitamani.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa bara. Matunda yale hayakukomea pwani. Jina embe lina nasaba na amba la lugha za Bara Hindi. Lilivuka bahari pamoja na tunda. Baada ya Wareno kuja, yaliongezeka mazao ya Amerika kama nanasi, papai, muhogo na mahindi, na maneno ya Kireno kama meza na pipa yakapata makao katika Kiswahili. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyafikisha haya mbali. Miembe ilipandwa katika njia ya Tabora na Ujiji, na mpunga ulilimwa hadi Kasongo na Nyangwe, katika Maniema. Pamoja na mbegu yalikwenda majina. Mganda husema omuyembe, omucungwa na enniimu. Mnyarwanda husema umwembe na indimu. Anayetamka maneno hayo huenda hajaiona bahari, lakini ulimi wake umehifadhi habari za jahazi.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu wasiyafundishe majina ya matunda kama orodha ya kukariri. Wanafunzi waulizwe tunda hili laitwaje kwa lugha ya nyumbani, nani aliyeupanda mti wake wa kwanza kijijini, na jina lilitoka wapi. Wakubwa wao watakuwa na la kusimulia. Na mwanafunzi akishajua kwamba chungwa lilimponya baharia Mombasa, na kwamba mji uliomponya ulichomwa, hatalisahau neno hilo, wala historia yake.