Warundi wa 1972 na Ardhi Waliyoiacha

Mkimbizi arejeapo kwao, huhesabiwa siku aliyovuka mpaka. Kwa mkulima hesabu hiyo haitoshi, kwani hajarejea mpaka ashike shamba. Kisa cha Warundi waliokimbia mwaka 1972 chadhihirisha hayo.

Mwezi wa Aprili mwaka huo kulizuka maasi kusini mwa Burundi, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, ambamo Watutsi wengi waliuawa. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa wasomi. Zaidi ya watu laki moja walikimbilia Tanzania. Wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakafyeka miombo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku hata wakajitegemea. Huku nyuma, mashamba yao ya kandokando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na michikichi yake, yalitwaliwa na majirani au yakagawiwa na serikali kwa wageni.

Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uliahidi kwamba mkimbizi atarejeshewa mali yake, ardhi hasa, au atalipwa fidia ya haki. Lakini sheria ya ardhi ya 1986 ilimlinda aliyekalia shamba kwa miaka 30. Basi waliporejea watu zaidi ya 50,000 wa makazi yale, mwaka 2008 na 2009, kila upande ulikuwa na hoja: huyu ana urithi wa babu, yule ana sheria, na pengine alinunua kwa nia njema.

Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 iliwasihi kwanza wagawane. Kuanzia 2011 ikashika msimamo mwingine, kwamba mwenye asili arudishiwe shamba zima. Familia zilizolima hapo kwa takriban miaka arobaini zikatakiwa kuondoka, na zogo likazuka. Waliorejea bila kukijua kilima cha wazee wao walijengewa vijiji vya amani, na watoto wao, waliokulia katika Kiswahili, wakakuta shule za Kirundi na Kifaransa.

Mbegu na jembe vya msaada humfaa mwenye pa kulima. Kugawana kuliwapunguzia wote wawili, lakini kuliwaacha majirani. Kurudisha shamba zima pasi na fidia kulimrejesha mmoja na kumfukuza mwingine, naye ana watoto watakaokumbuka.