Mawe ya Kileleni na Askari wa Darajani

Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka Yordani, walipewa kazi moja kabla ya kupumzika. Watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, walirudi mtoni, kila mmoja akajitwika jiwe begani, wakayapanga mahali walipolala usiku ule. Sababu yake ilielezwa wazi: siku moja watoto watauliza mawe haya yana maana gani, na wazazi wawe na la kuwajibu. Tunaisoma habari hii katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, na mara nyingi tunapita haraka juu ya jambo moja. Mawe yale hayakuokotwa popote. Yalitolewa mahali pale pale miguu ya makuhani iliposimama, katikati ya mto, mpaka watu wote walipokwisha kuvuka.

Katika insha hii tunataka kuifuata desturi moja ya kukumbuka, nayo ni ya kupanda juu kwa ajili ya waliokufa wakiwa kazini, hasa askari polisi. Desturi hii haikuanzia kwetu. Imekua zaidi Uingereza na Marekani. Lakini inatuuliza swali ambalo hata sisi hatuwezi kulikwepa: tunaolala salama, tunamkumbukaje yule aliyesimama mpaka wengine wavuke?

Kilele cha Great Gable

Kaskazini-magharibi mwa England, katika Cumbria, iko nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District. Milima yake si mirefu. Scafell Pike, ulio mrefu kuliko yote England, una mita 978 tu, na jirani yake Great Gable una mita 899. Mbele ya Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895 ni vilima. Hata hivyo ni milima ya mawe makali, mvua nyingi na ukungu unaoweza kumpoteza mtu mchana kweupe.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, karibu kila kijiji cha Uingereza kilikuwa na majina ya vijana wasiorudi. Vijiji vingi vilijenga minara au vikaweka vibao makanisani. Watu wa milima hii walitafuta njia yao. Mwaka 1919 kilele cha Scafell Pike kilitolewa na mwenye ardhi, Lord Leconfield, kiwe mali ya umma kwa kumbukumbu ya watu wa eneo hilo waliokufa vitani. Chama cha wapanda milima cha Fell and Rock Climbing Club, kilichoanzishwa mwaka 1906, nacho kilikuwa kimepoteza wanachama 20. Wenzao walichanga fedha, wakanunua ardhi ya milimani ipatayo ekari 3,000, na mwaka 1923 wakaikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza ardhi na majengo ya kale, ili kila mtu awe na ruhusa ya kutembea humo. Hawakujenga mnara mrefu. Walitoa mlima wenyewe, wakaweka kileleni kibao cha shaba chenye majina yale 20.

Kibao hicho kilizinduliwa tarehe 8 Juni 1924. Watu wapatao 500 walipanda katika mvua na ukungu. Aliyekizindua alikuwa Dakta Arthur Wakefield, rais wa chama. Aliyehutubia alikuwa Geoffrey Winthrop Young, mpanda milima mashuhuri aliyepoteza mguu mwaka 1917 akiwa katika huduma ya kubeba majeruhi huko Italia. Tufikirie hotuba ile, ya mtu mwenye mguu mmoja wa bandia, juu ya mlima, mbele ya wazazi na marafiki waliolowa mpaka mifupani.

Kuna jambo jingine kuhusu siku ile. Mbali sana, katika Mlima Everest, George Mallory na Andrew Irvine walionekana kwa mara ya mwisho siku hiyo hiyo, wakipanda kuelekea kilele. Hawakurudi. Wakefield alikuwa amesafiri pamoja na Mallory kwenda Everest mwaka 1922, na Young alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Walisimama pale wakiwalilia wafu wa jana, bila kujua kwamba rafiki yao alikuwa hatarini saa zile zile. Jambo hili tuliweke moyoni, kwa maana tutalirudia.

Tangu wakati huo watu hupanda Great Gable kila mwaka katika Jumapili ya Kumbukumbu, mwezi Novemba. Ikifika saa tano kamili asubuhi, mamia ya watu hunyamaza kwa dakika mbili. Mwaka 2013 kibao cha zamani kilishushwa kwa sababu kilikuwa kimechakaa, na pia kilikuwa na makosa katika kuandika baadhi ya majina. Kipya kikapandishwa, majina yakiwa yamesahihishwa. Mtu anaweza kuuliza kuna haja gani ya kusahihisha herufi moja au mbili baada ya miaka karibu 90, wakati aliyeitwa jina hilo hasikii. Sisi tunaomwamini Mungu anayewaita walio wake kwa majina tunaijua haja hiyo.

Kutoka kwa wanajeshi hadi kwa polisi

Mwanajeshi hufa vitani, na vita vina mwanzo na mwisho. Polisi hana tarehe ya amani. Hufa Jumanne ya kawaida, barabarani, mlangoni pa nyumba ya watu, au kwenye kizuizi usiku. Huenda ndiyo sababu heshima kwake ilichelewa. Huko Washington, ukumbusho wa kitaifa wa askari wa kulinda sheria waliouawa kazini ulizinduliwa mwaka 1991 tu. Mwaka 1997 askari 18 waliendesha baiskeli kutoka New Jersey hadi ukumbusho huo, ili safari yenyewe, pamoja na jasho lake, iwe sehemu ya heshima. Uingereza ilikuwa na siku ya kitaifa ya kuwakumbuka polisi kwa mara ya kwanza mwaka 2004, katika ibada iliyofanyika kanisa kuu la St Paul's, London. Siku hiyo huwekwa karibu na tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Mikaeli.

Kisha kuna wanaopanda. Tarehe 11 Septemba 2001, minara miwili ya New York iliposhambuliwa, watu walikuwa wakikimbia kushuka ngazi, na wengine walikuwa wakipanda. Walikufa wazima moto 343, askari polisi 23 wa jiji na polisi 37 wa mamlaka ya bandari. Mwaka 2005 wazima moto watano wa Denver walianza desturi ya kupanda ngazi za ghorofa 110 kila mwaka kwa kumbukumbu yao, na desturi hiyo ikaenea katika miji mingi. Huko Uingereza vikundi vya polisi hupanda Scafell Pike, Snowdon na Ben Nevis kwa ajili ya wenzao waliokufa, na kukusanya fedha za kusaidia familia zao.

Kwa nini kupanda? Tunadhani ni kwa sababu kupanda hakudanganyi. Maneno ya rambirambi ni mepesi, hata asiyeumia anaweza kuyasema. Anayepanda huumia kidogo kwa makusudi. Magoti yanamuuma, pumzi inamkatika, naye anasema kwa mwili wake kwamba kifo kile kilikuwa na gharama.

Maji yaliyoshuka kutoka mlimani

Turudi Great Gable, kwa maana mlima ule una habari nyingine, ya polisi.

Chini yake kiko kijiji kidogo cha Seathwaite, ambako wapandaji wengi huanzia safari. Kutoka miteremko ya hapo juu huanza mto Derwent, unaopita katika maziwa mawili na kuingia baharini kwenye mji wa Workington. Mwezi Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha juu ya milima hiyo. Seathwaite ilipata milimita 316 kwa saa 24, kiasi ambacho kilikuwa hakijawahi kupimwa Uingereza kwa muda kama huo. Kwa msomaji wa kwetu tuseme hivi: ni zaidi ya nusu ya mvua ambayo Dodoma huipata kwa mwaka mzima, imeshuka kwa siku moja.

Maji hayo yote yaliteremka kuelekea Workington. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba askari polisi Bill Barker, wa kikosi cha barabarani cha polisi wa Cumbria, alikuwa kwenye daraja la Northside akiwazuia madereva na kuwaelekeza waondoke. Daraja likavunjika chini yake. Mwili wake ulipatikana ufukweni. Alikuwa na umri wa miaka 44, baba wa watoto wanne.

Hakuwa akipambana na jambazi, wala hakuwa ameshika silaha. Alikuwa akifanya kazi ambayo sisi tukiwa ndani ya gari huiona kama usumbufu: alikuwa akiwaambia watu wasipite. Waliorudishwa usiku ule huenda wengine walinung'unika, kama tunavyonung'unika sisi. Wiki mbili baadaye wanajeshi walijenga daraja la muda la waenda kwa miguu, nalo likapewa jina lake. Watu wa mji waliogawanywa na mto wakavuka tena, juu ya jina la yule aliyewazuia wasivuke ili waishi.

Hapo ndipo mawe ya Yordani yanapotusemesha. Makuhani walisimama mtoni mpaka wote walipovuka. Barker alisimama darajani mpaka maji yakamchukua. Kumbukumbu ya Great Gable iko juu kabisa, lakini mtu huyu alifia chini, kwenye maji yaliyotoka mlima ule ule.

Na sisi je?

Sisi Watanzania tunajua kuweka maana juu ya mlima. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge na bendera kwenye kilele cha Kilimanjaro, na hadi leo kilele hicho tunakiita Uhuru. Swali letu ni kama tunayo kumbukumbu ya wale wanaoulinda uhuru huo katika zamu za usiku.

Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, na waliouawa walikuwemo askari wanne. Tarehe 13 Aprili 2017, huko Kibiti, askari wanane waliuawa wakirejea kutoka lindo. Wiki ile redio zilizungumza na watu walisikitika. Leo, tukiulizwa kanisani, ni wangapi kati yetu tunaweza kutaja jina moja tu? Walikuwa na mama zao. Walikuwa na wake na watoto ambao bado wanaishi, wengine pengine katika sharika zetu, wameketi benchi la nyuma.

Tunajua kwa nini tunasitasita. Polisi wanalaumiwa, na si kila lawama ni ya uongo. Wako walioonewa, wako waliodaiwa rushwa, na kanisa haliwezi kuwaambia hao wanyamaze. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia waiache kazi yao. Aliwaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Kwa hiyo kumheshimu askari aliyekufa kwa ajili ya wengine hakufuti dhambi ya mwenzake aliyedhulumu. Kinyume chake, kunamwonyesha huyo mwenzake kazi hii inapaswa kuwa nini.

Pengine mwingine ataogopa kwamba kupanda mlima kwa ajili ya wafu kunakaribia ibada ya mizimu. Hofu hiyo tunaiheshimu. Mwanamke Msamaria naye alimuuliza Bwana kuhusu mlima, na jibu alilopewa lilikuwa kwamba Baba haabudiwi kwa kuchagua mlima. Hatupandi ili tumkaribie Mungu zaidi, kana kwamba bondeni hayupo, wala hatupandi ili kuwafaa wafu, ambao wako mikononi mwake. Tunapanda kwa sababu sisi tulio hai tunasahau upesi.

Tena, anayepanda lazima ashuke. Petro alipouona utukufu wa Bwana mlimani, alitaka kujenga vibanda vitatu abaki huko. Lakini Bwana aliwashusha, na chini walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa akiwangoja. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya kila kumbukumbu. Wale waliosimama Great Gable mwaka 1924 hawakuweza kujua nani alikuwa akifa saa ile huko Everest. Sisi tunaweza kujua. Tunajua kwamba usiku huu, tukizima taa, yuko askari kwenye kizuizi, yuko mwingine anayeingia nyumba yenye ugomvi, na mwingine kwenye barabara iliyofurika maji.

Si lazima usharika wetu uwe karibu na mlima mrefu. Kila mahali pana kilima, na kila usharika una familia ya askari. Tunaweza kuchagua Jumamosi moja kwa mwaka, tukapanda pamoja na watoto wetu, tukayataja majina kwa usahihi, tukanyamaza, kisha tukashuka kwenda kubisha hodi kwa mjane na kumuuliza ada ya shule imefikia wapi. Na Jumapili, tunapowaombea viongozi, tumwombee pia afande wa zamu ya usiku, arudi nyumbani salama na mikono yake ikiwa safi.

Siku moja mtoto mmojawapo atatuuliza kwa nini tunapanda. Tuwe na la kumjibu.