Saratani ya umio: Mgonjwa ajiandae vipi kabla ya upasuaji?

SARATANI ya umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi nchini Kenya, na imekithiri hasa katika maeneo ya Bonde la Ufa kama vile Bomet.

Dalili zake huja polepole. Kwanza nyama na ugali hukwama, mgonjwa akawa anateremsha kila tonge kwa maji. Baadaye hubaki uji, na hatimaye hata uji ukawa taabu. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo na kununua dawa dukani kwa miezi kadha, ilhali wanazidi kukonda.

Mtu mzima anayekwamwa na chakula anastahili kupimwa kwa endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera unaoteremshwa kooni. Kipande kidogo cha nyama huchukuliwa na kuchunguzwa katika maabara.

Saratani ikithibitishwa, jamaa aghalabu huuliza: atapasuliwa lini? La kutangulizwa ni iwapo upasuaji utamfaa. Picha za skani ya CT za kifua na tumbo huonyesha kama ugonjwa umeenea hadi kwenye ini au mapafu. Ukiwa umefika huko, kuondoa umio humzidishia mgonjwa maumivu bila kumponya. Madaktari wanaweza badala yake kumwekea stenti, kijimrija cha wavu kinachopanua njia ili aweze kumeza. Kukosa kupasuliwa si kutelekezwa, na familia yafaa ielezwe hivyo waziwazi.

Kwa anayefaa kupasuliwa, mara nyingi hutangulia tibakemikali, pengine pamoja na mionzi. Majuma hayo huitwa ya kungoja, lakini ndiyo yenye kazi kubwa.

Kazi ya kwanza ni lishe. Aliyekonda sana hupona vidonda kwa shida na hushambuliwa upesi na maambukizi. Kama kumeza kumeshindikana, hulishwa kwa mrija unaopitishwa puani au kwenye ngozi ya tumbo. Baadhi ya wazee huuona mrija huo kuwa aibu, kumbe ndio unaowafikisha chumba cha upasuaji wakiwa na nguvu.

Ya pili ni mapafu, kwa kuwa nimonia ni mojawapo ya hatari kuu baada ya upasuaji huu. Mvutaji sigara aache mara moja, angalau majuma manne kabla. Atembee kila siku na ajizoeze kuvuta pumzi ndefu. Meno yasafishwe vyema.

Daktari aelezwe dawa zote zinazotumiwa, za kienyeji zikiwemo, kwani baadhi huzuia damu kuganda. Jamaa nao waulize mapema kuhusu damu ya akiba na gharama. Hazina ya NHIF ilirithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mnamo Oktoba 2024. Hospitali iulizwe bima italipia nini kabla ya siku ya kulazwa.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, mgonjwa amwulize daktari hufanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka. Si utovu wa adabu. Hospitali zinazoufanya mara nyingi hupoteza wagonjwa wachache zaidi.

Daktari Franz Torek alipoondoa umio wa mgonjwa jijini New York mnamo 1913, mama huyo alikula kwa mrija wa mpira uliopita nje ya mwili, na akaishi miaka 13 zaidi. Siku hizi tumbo lenyewe huvutwa hadi kifuani likaunganishwa na kipande cha umio kilichosalia. Mgonjwa huamkia katika chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa na mirija kadha mwilini. Asipoambiwa mapema hushtuka.

Kwa kuwa tumbo limekuwa jembamba, atakula kidogo kidogo, mara sita hivi kwa siku, na kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa. Anayempikia nyumbani ahudhurie mazungumzo hayo na daktari.