Chungu Kilichovishwa Bati

Jiko la bati la zamani lilikuwa jepesi na la bei nafuu, ila makaa lilikuwa likiyafakamia. Inasemekana lilikuja na mafundi wa Kihindi enzi za ujenzi wa reli. Joto lilipenya ubavuni, likamchoma mpishi magoti kabla ya kuichemsha sufuria. Mkebe wa makaa uliisha maharage bado magumu.

Dawa ilikuwa udongo. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na upungufu wa kuni ulizungumzwa sana. Kipindi hichohicho ukaanza mradi wa nishati wa serikali ya Kenya uliofadhiliwa na Marekani. Wabunifu, Max Kinyanjui akiwa mmoja wao, walilitazama jiko la ndoo la Thailand: chungu kinene ndani ya ndoo ya bati.

Kuiga tu kusingetosha. Ndoo ile ni nzito, na sisi tunasonga ugali kwa nguvu za mabega. Kwa hiyo jiko la Nairobi likapewa kiuno: juu pana, katikati jembamba, chini pana tena lisipinduke. Chungu kikawekwa nusu ya juu peke yake, kikakalia kiuno hicho. Majivu yakapata pa kuangukia na hewa ikapewa mlango wake. Udongo hauachii joto upesi kama bati, hivyo moto unabaki kwenye kazi yake. Makadirio ya makaa yanayookolewa huanzia asilimia 20, na jiko likitumiwa vizuri hufika hata 50.

Halafu jiko likaachwa mikononi mwa mafundi wa jua kali. Halikuwekewa hataza. Fundi wa Shauri Moyo, Nairobi, aliyeliona kwa jirani alikata lake kwa mapipa chakavu, akanunua vyungu kwa mfinyanzi, akauza. Muungano wa mashirika ya nishati, KENGO, uliwafunza mafundi na kulitangaza. Mwanzoni lilikuwa ghali. Mafundi walipoongezeka wakashindana, bei ikashuka. Wako wanaoona wabunifu walidhulumiwa. Mimi naona kama lingekuwa la kampuni moja, lingebaki kwenye maonyesho. Mnunuzi naye hakuwa akifikiria msitu wowote. Alitaka makaa ya leo yabakie ya kesho asubuhi.

Likavuka mipaka. Tanzania likaitwa jiko bora, Ethiopia likaitwa Lakech, na ndugu zake wako Uganda, Rwanda na Sudan. Magharibi mwa Kenya vikundi vya akina mama wafinyanzi vilitengeneza jiko la kuni liitwalo Upesi.

Lakini uhuru wa kuiga ulimfungulia mlango na fundi wa kulipua kazi. Chungu kizuri hudai subira: udongo ukandwe mpaka ulainike, ukaushwe kivulini polepole, kisha uchomwe hadi uive mpaka ndani. Mwenye haraka hukianika juani na kukitoa tanurini mapema. Dukani vyote viwili ni vyekundu. Nyumbani kimoja hupasuka baada ya wiki chache, na mama wa watu hurudi kwenye makaa mengi yaleyale.

Na kuna jambo ambalo wasifiaji wa jiko hili hulipita kimyakimya: tanuri nyingi za wafinyanzi huwashwa kwa kuni. Chungu cha kuokoa miti huivishwa kwa miti. Anayebana kuni tanurini huuza kibichi. Anayechoma sawasawa hutumia kuni zaidi, ila chungu chake hurudisha deni hilo jikoni kila siku kinapopikiwa.

Kwa hiyo ukienda kununua chungu cha kubadilisha, kabla hakijafungwa ndani ya bati, rangi isikudanganye. Kishike mkono mmoja, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, lipa. Kikitoa sauti butu, mrudishie mwenyewe.