Mazimbu na Dakawa: Shule ya Wageni Katika Nchi Yetu

Katika Torati twaona ya kuwa mwaka wa Jubilii ulikuwa mwaka wa kurejea. Baragumu ilipopigwa, aliyekuwa mtumwa alirudi kwa jamaa zake, na shamba lililotoka mikononi mwa mwenyewe lilimrudia. Katika kitabu hiki wasomaji watapata habari nyingi za makanisa yetu, za makasisi na waalimu wa kwanza. Sisi tumeona vema kuongeza habari ya shule moja ambayo haikujengwa na misioni wala na dayosisi. Ilijengwa na wageni, katika ardhi waliyopewa na nchi yetu, na siku yao ya kurejea ilipofika waliirudisha. Wazee wengi wa sharika zetu waliiona kwa macho yao. Vijana hupita mbele yake wasijue asili yake.

Mji wetu wa Msowero uko katika njia itokayo Dumila kwenda Kilosa. Atokaye kwetu kwenda Morogoro hufika Dumila, akashika njia kuu itokayo Dodoma, akapita Magole na Dakawa penye mto Wami. Hata akifika Morogoro, pembeni mwa mji pana Mazimbu. Dakawa na Mazimbu ndipo mahali pa habari hii.

I. Shule iliyofungwa

Asili ya habari yetu ni mbali, katika nchi ya Afrika Kusini. Huko Johannesburg, katika mtaa wa Rosettenville, palikuwa na shule ya misioni ya Mtakatifu Petro, iliyotunzwa na watawa wa Shirika la Ufufuo. Katika shule hiyo alisoma kijana Oliver Tambo. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, akafukuzwa mwaka wa 1940 kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Shule yake ya zamani haikumtupa, bali ilimpokea tena awe mwalimu.

Mwaka wa 1953 serikali ya makaburu ilitunga sheria ya elimu ya watu weusi. Shabaha yake ilikuwa mtoto mweusi afundishwe yale tu yatakayomfaa kuwa mtumishi. Misioni zikaambiwa kukabidhi shule zao kwa serikali, au kunyimwa msaada wa fedha. Padre Trevor Huddleston na watawa wenzake waliona ni heri kuifunga shule ya Mtakatifu Petro kuliko kuitoa ifundishe neno la namna hiyo. Mwaka wa 1956 ikafungwa. Huyu Padre Huddleston ndiye aliyekuwa baadaye Askofu wa Masasi katika nchi yetu, tangu mwaka wa 1960 hata 1968.

Sheria ile ilizaa matunda machungu. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto walitoka barabarani kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, nao wakapigwa risasi. Maelfu wakakimbia nchi yao, wengine wakiwa bado na sare za shule. Chama cha ANC, ambacho Oliver Tambo alikuwa mkuu wake uhamishoni, kikajikuta kina watoto wengi wasio na baba, mama, wala darasa. Mtu aliyeona shule yake ikifungwa, sasa ilimpasa kutafuta mahali pa kujenga nyingine.

II. Shamba la mkonge

Mahali hapo palipatikana kwetu. Mwaka wa 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wakimbizi hao shamba la mkonge lililoachwa, huko Mazimbu. Bibi Anna Abdallah alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro wakati huo, naye alisaidia sana jambo hili lipate kutimia.

Sisi watu wa Kilosa hatuna haja ya kuelezwa shamba la mkonge lililoachwa ni kitu gani. Tumeyaona Kimamba na Rudewa. Bei ya mkonge ilipoanguka duniani, kwa sababu ya kamba za viwandani zisizotoka shambani, mashine zilinyamaza, nyumba zikabomoka, na msitu ukarudi. Mazimbu nayo ilikuwa hivyo. Wageni walikuta nyumba chache mbovu na nyasi ndefu. Mwaka wa 1978 masomo yalianza humo humo katika majengo ya zamani.

Tarehe 6 Aprili 1979 makaburu walimnyonga kijana aitwaye Solomon Mahlangu, mwenye umri wa miaka 22. Alikuwa ametoka nchini baada ya mambo ya Soweto, akarudi akiwa mpigania uhuru, akakamatwa. Wenzake wa Mazimbu wakaipa shule yao jina lake. Hivyo shule ile ilibeba jina la marehemu aliyekuwa rika la wanafunzi wenyewe.

Msaada ulitoka nchi nyingi: Uswidi, Norwe, Denmaki, Uholanzi, Ujerumani ya Mashariki na kwingineko, na makanisa ya ng'ambo pia yalitoa. Zikajengwa nyumba za kulala, madarasa, maktaba, hospitali, shule ya watoto wadogo, karakana za samani na za nguo, na shamba la mifugo na mazao. Mamia ya Watanzania walifanya kazi pale, waashi, maseremala na wakulima. Mwaka wa 1982 wageni wakaongezewa ardhi pana Dakawa, kwa sababu Mazimbu ilikuwa imejaa.

III. Maisha ya wanafunzi

Maisha ya wanafunzi wale yalikuwa ya namna ya peke yake. Shule zetu za bweni hufunga, na mtoto huenda kwao. Mwanafunzi wa Mazimbu hakuwa na pa kwenda. Likizo ilimkuta pale pale, na Krismasi ilimkuta pale pale. Barua kwa mama yake haikuwa salama kuandikwa, maana polisi wa makaburu wangeweza kumsumbua aliyeipokea. Wengi walitumia majina yasiyo yao. Ikawapasa kuwa jamaa wao kwa wao, mkubwa awe kaka wa mdogo, na mwalimu awe mzazi.

Masomo yalikuwa ya kawaida pamoja na historia ya nchi yao, na mwisho walifanya mtihani wa London, wapate cheti kitakachokubaliwa po pote duniani. Zaidi ya masomo palikuwa na kazi ya mikono: kulima, kulisha nguruwe na ng'ombe, kupika, kufyeka, kubeba matofali. Palikuwa na kwaya, michezo na mikutano ya usiku ambamo mambo ya shule yalijadiliwa.

Wasichana waliopata watoto hawakutupwa. Palikuwa na nyumba yao mjini Morogoro, iliyopewa jina la Charlotte Maxeke, mwanamke wa Kanisa aliyesoma Marekani na kupata shahada yake mwaka wa 1901. Huko mama kijana alilea mtoto wake, kisha akarudi darasani. Waalimu wasomao habari hii watakumbuka ya kuwa serikali yetu ilitoa ruhusa kama hiyo kwa wanafunzi wa Tanzania mwaka wa 2021. Jambo hilo lilikuwa likifanyika katika mkoa wetu miaka arobaini kabla yake.

Lakini historia iliyopambwa mno haifundishi. Si wote waliopenda jembe. Vijana wa mjini waliona kazi ya shamba ni ile ile waliyoikimbia, na waalimu walichoka kuwahimiza. Palikuwa na ulevi, palikuwa na uvivu na ugomvi. Malaria iliwapiga sana, na kutamani kwao kuliwapiga zaidi. Tena baina yao na wenyeji mambo hayakuwa laini siku zote. Lugha yao haikuwa yetu. Wao walipata chakula na nguo za msaada, hali jirani zao walikuwa katika miaka ile ya dhiki, ambapo sukari na sabuni zilipangiwa mstari dukani. Vitu viliibwa, vingine vikauzwa kwa siri, na lawama zikaenda pande zote mbili. Hata hivyo watu waliuziana mboga, walitibiana, walicheza mpira pamoja, na wengine walioana. Watoto waliozaliwa pale wakajifunza Kiswahili kabla ya kuijua nchi ya baba zao.

IV. Siku ya 12 Aprili 1984

Sasa twafika katika jambo zito kuliko yote, ambalo lilitukia katika njia yetu wenyewe.

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma, alikohudhuria Bunge. Karibu na Dakawa gari lake liligongana na gari jingine, naye akafariki dunia. Umri wake ulikuwa miaka 45. Aliyeliendesha gari lile jingine alikuwa kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, mmoja wa wale waliopewa hifadhi katika nchi yetu.

Wazee wanaikumbuka huzuni ya siku zile. Taifa zima lililia. Sokoine alikuwa mtu aliyependwa na wanyonge, kwa sababu aliwafuatia walanguzi na wala rushwa bila kutazama nyuso. Maneno mengi yalisemwa juu ya kifo chake, na mengine husemwa hata leo. Hapo ndipo ukarimu wa nchi yetu ulipopimwa. Kumpa mgeni shamba lililoachwa si jambo gumu mno. Kumwacha mgeni akae, baada ya mkono wa mmoja wao kuhusika na kifo cha mpendwa wa nyumba, ni jambo jingine kabisa.

Nchi ingaliweza kuwafukuza wote, na wengi duniani wangalielewa. Haikufanya hivyo. Kosa la dereva lilihesabiwa kuwa la dereva, likapelekwa mahakamani. Wanafunzi wa Mazimbu hawakuadhibiwa kwa ajili ya mtu mmoja. Ujenzi wa Dakawa uliendelea, umbali mdogo tu na mahali pa ajali. Miezi kumi na sita baadaye, mwezi wa Agosti 1985, Oliver Tambo aliifungua rasmi shule ya Solomon Mahlangu, na Watanzania walikuwa pamoja naye.

Mwaka ule ule wa 1984 Bunge liliifanya iliyokuwa Kitivo cha Kilimo cha Morogoro, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwa chuo kikuu kamili, nacho kikapewa jina la Sokoine.

V. Kurejea

Mwezi wa Februari 1990 chama cha ANC kiliruhusiwa tena katika Afrika Kusini, na Nelson Mandela akatoka gerezani. Wageni wetu wakaanza kufunga mizigo. Mwezi wa Julai 1992 waliikabidhi Mazimbu na Dakawa kwa serikali ya Tanzania, pamoja na nyumba na vyote vilivyojengwa. Shamba bovu la mkonge lilirudi kwa mwenyewe likiwa mji wa elimu. Na wale waliokuja wakiwa watoto walirudi kwa jamaa zao, wakapiga kura mwezi wa Aprili 1994 katika uchaguzi wa kwanza wa watu wote. Oliver Tambo hakuuona uchaguzi huo, kwa maana alifariki mwaka mmoja kabla yake. Hawakurudi wote. Wengine wamelala Mazimbu, katika makaburi ambayo ndugu zao huja kuyazuru kutoka mbali.

Dakawa leo pana chuo cha ualimu, na waalimu waliotoka huko wamefundisha watoto wetu. Mazimbu ilitolewa kwa Chuo Kikuu cha Sokoine, ikawa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Msomaji na atafakari jambo hili. Mmoja alikufa katika kitanzi cha makaburu, na mwingine alikufa katika njia yetu, kwa gari la mkimbizi aliyewakimbia makaburu hao hao. Leo majina ya wote wawili yamo katika chuo kikuu kimoja, na mwanafunzi huyabeba yote mawili katika cheti chake na katika nyumba anayosomea. Hakuna aliyelipanga jambo hilo kuwa fundisho. Walakini kwetu sisi tunaomwamini Mungu wa mapatano, ni fundisho.

VI. Yatupasayo sisi

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Morogoro waliyaona haya kwa macho, maana waliopokea wakimbizi wameachiwa chuo. Lakini faida haikuja kwa haraka, wala haikuja bila kilio.

Wilaya yetu ya Kilosa inajua pia gharama ya kukosa subira hiyo. Mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa, damu ya watu wengi ilimwagika katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu wa nchi moja wanaokunywa maji ya mito mile mile. Kule mmoja alipokosa, kabila zima lilihesabiwa kuwa na kosa. Dakawa haikuwa hivyo mwaka wa 1984, na umbali wa mahali hapa pawili si mkubwa.

Basi waalimu, mkiwafundisha watoto historia ya mkoa wetu, msiiache habari hii. Waonyesheni njia ya Dumila, waambieni nani alipita na nini kilitukia. Nanyi wazazi wa sharika zetu, ambao watoto wenu wamepanga vyumba katika miji ya watu ili wasome, kumbukeni ya kuwa kila mwanafunzi ni mgeni wa mtu. Mtoto wa mwingine akija kusoma Msowero, awe wa kabila gani au wa dini gani, apate kwetu maji, taa ya kusomea, na mtu wa kumwita mama. Akikosa mmoja, akosolewe yeye, wasifukuzwe wenzake.

Naye Bwana wa Jubilii, aliyewarudisha wale kwao kwa amani, atujalie sisi nasi kuishi na jirani zetu kwa amani, hata siku ile atakapoturejeza sote kwake.