Kilatini cha Tanbihi: Kutoka Ibid. hadi Sic

Vifupisho vya Kilatini tunavyokumbana navyo katika tanbihi ni masalio ya enzi ambapo Kilatini kilikuwa lugha ya usomi kote Ulaya. Msomi wa enzi hiyo aliyeandika ibidem, yaani "mahali pale pale", hakukopa neno. Aliendelea tu na lugha ya kitabu chake. Hata baada ya wasomi hao kuanza kuandika kwa Kiingereza na Kifaransa, Kilatini kilisalia chini ya ukurasa.

Mahali penyewe pa tanbihi palizua mjadala. Juzuu la kwanza la historia ya Edward Gibbon kuhusu Dola ya Kirumi lilipotoka mwaka 1776, tanbihi zilikuwa mwishoni mwa kitabu. David Hume alimwandikia mchapishaji, William Strahan, akilalamikia usumbufu huo, nazo zikahamishiwa chini ya kurasa. Lalamiko lake lingeifaa zaidi op. cit., "katika kazi iliyotajwa". Imetajwa wapi? Tanbihi ya 94 humrudisha msomaji hadi ya 3, na ikiwa mwandishi huyo ametajwa kwa vitabu viwili, msomaji hubaki njia panda. Nayo ibid., inayoonekana nyenyekevu, ni hatari zaidi: tanbihi mpya ikipachikwa kati ya mbili za awali, ibid. huanza kutolea ushahidi kitabu kisichohusika kabisa, wala jicho la msahihishaji halioni kasoro yoyote.

Si ajabu basi kwamba mwongozo wa MLA wa mwaka 1984 uliyahamishia marejeleo ndani ya matini, katika mabano, na mwaka 2017 mwongozo wa Chicago ukashauri ibid. iepukwe.

Sic, "hivyo hivyo", imenusurika. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba kosa linaloonekana katika dondoo ni la matini asilia, si la mnukuzi. Hapa mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hana budi kutahadhari. Anayelibandika sic neno ndia au mato katika utenzi wa Lamu au Mombasa hajathibitisha kosa lolote. Amempima malenga kwa mizani ya Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja na ambacho usanifishaji wake ulianza rasmi miaka ya 1930, baada ya tenzi nyingi za pwani ya kaskazini kuwa zimekwisha kutungwa.