Pikipiki Kuukuu kama Hati ya Historia

Mwanahistoria amezoea kutafuta habari zake katika barua, madaftari ya serikali na masimulizi ya wazee. Hati ninayotaka kuieleza hapa ni ya chuma. Ilikuwa imelala miaka mingi uani kwetu Temeke, chini ya mwembe, kuku wakitagia juu ya kiti chake: pikipiki ya BSA, aina ya Bantam, aliyoiacha marehemu baba. Nilipoazimia kuifufua, nilikabiliwa na swali moja: kuirudisha katika asili yake ni kuirudisha katika hali ipi?

Bantam ilianza kutengenezwa Birmingham mwaka 1948, lakini chimbuko lake si Uingereza. Injini yake ndogo, ya sentimita za ujazo 123, iliigwa kutoka pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, iliyoundwa Zschopau mwaka 1939. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. Warusi wakaunda yao, Harley-Davidson ya Marekani ikaunda yake, na mwaka 1955 Yamaha ya Japani nayo ikaanzia hapo hapo. Waingereza waliigeuza injini kama sura katika kioo, hata kanyagio la gia likahamia upande wa kulia. Msomaji wa Tanzania hatakosa kukumbuka kwamba nchi yetu nayo ilikuwa ngawira ya namna hiyo: Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, wakairithi nchi kutoka kwa Wajerumani hao hao.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika katika mitaa kama Magomeni na Temeke, mbali na maofisi na bandari. Aliyepata pikipiki alipunguza umbali huo. Lakini Bantam ilikoma kutengenezwa mwaka 1971. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vikapiganwa, na fedha za kigeni zikawa adimu. Vipuri navyo vikawa adimu kama sukari na sabuni.

Niliisoma habari hiyo ndani ya injini yenyewe. Tulipokwisha kuosha kutu na masizi kwa mafuta ya taa, tulikuta bushi ya pistoni isiyo na namba wala alama ya kiwanda. Madigadi ya nyuma ilikuwa na kiraka cha bati la pipa, na mpira wa kukanyagia ulikatwa katika tairi la gari. Fundi mzee aliyenisaidia aliigeuza bushi ile mkononi, akatabasamu.

"Mwalimu, hii imekerezwa Gerezani. Siku zile dukani hapakuwa na kitu. Bushi ikiisha, ulikwenda kwa mkerezaji."

Mpwa wangu, dereva wa bodaboda Kinondoni, alikuwa na rai nyingine. "Mjomba, tuweke kabureta ya Kichina, kiti kirefu na taa kali. Hivi vya zamani vya nini?" Sikumdharau. Yeye ni mtoto wa zama za pikipiki za Kichina na Kihindi, ambazo kanuni za mwaka 2010 zilizipa leseni ya kubeba abiria. Afanyavyo yeye ndivyo alivyofanya yule mkerezaji: huchukua kilichopo ili safari isikatike.

Basi, ningeagiza kila kipuri Uingereza, pikipiki ingeng'aa, lakini ningekuwa nimefuta kazi ya mafundi wetu ili kuitukuza asili ambayo yenyewe ni nakala. Bushi ya Gerezani ilikuwa bado nzima. Nikairudisha mahali pake. Kiraka nilikipaka rangi bila kukificha. Kiti kirefu na taa nilimkubalia mpwa wangu, kwa sharti kwamba vilivyotolewa viwekwe sandukuni, na kila kimoja kifungwe kikaratasi chenye tarehe na sababu ya kuondolewa.

Mafundi wa miaka ile ya dhiki hawakuandika vitabu, na majina ya wengi wao yamepotea. Kazi yao ingali ndani ya vyuma vilivyotupwa nyuani mwetu, na kila mwaka vyuma hivyo huuzwa kwa kilo. Wanafunzi wa historia wanaokwenda maktaba wapite na huko pia, kabla mizani haijawatangulia.